Nilinunua shamba Rufiji, mto ukalihamishia ng'ambo

Mi nilinunua ekari tatu kwenye delta ya Rufiji, pale mto unapogawanyika kuingia baharini, mwaka 2011, na hizo ekari mpaka leo zipo, ila hazipo pale nilipozinunua. Nikisema hivi watu wa Dar wanacheka, wanadhani nimetapeliwa na dalali. Dalali wala hakunitapeli, alinionyesha shamba, nikalikanyaga kwa miguu yangu, nikalima nikavuna. Shida mto ulikuwa na mipango yake.

Kwanza niseme nilifikaje huko maana sio kwetu kwa kuzaliwa, mi nimezaliwa Mbagala. Mama ndo mtu wa huko, Mnyagatwa, na nilianza kwenda nikiwa nafanya biashara ya uduvi na kamba wakavu, napanda basi mpaka Bungu, pale nashika gari ya Nyamisati, afu boti kuingia visiwani. Ukitoka Nyamisati ukiingia kwenye mikono ya mto ndo unaelewa kwanini watu wanapotea, yaani kila kona ni mikoko, mbele mikoko nyuma mikoko, mkono mmoja unazaa miwili, ule mmoja unaishia kwenye tope. Msitu wa mikoko wa pale unasemwa ndo mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki kwa kipande kimoja, zaidi ya hekta elfu 50 kwa hesabu za zamani. Wajerumani vita ya kwanza ya dunia waliingiza humo manowari nzima, Königsberg, ya zaidi ya mita 100, ikajificha toka Septemba 1914 mpaka Julai 1915 Waingereza walipoimaliza. Mabaki yake yalionekana miaka na miaka, mwisho tope likayameza. Hiyo stori niliambiwa siku ya kwanza kabisa, na kama ningekuwa na akili ningejiuliza, kama tope limemeza meli ya chuma, litashindwa nini na shamba langu la mpunga?

Sikujiuliza. Niliona mpunga.

Maana mchele wa delta nilikuwa naununua kwa watu nauleta Dar unagombaniwa, sasa nikapiga hesabu za mtu wa mjini, badala ya kununua gunia kwanini nisilime mwenyewe. Nikatafutiwa sehemu, nzuri kweli, mto unapinda pale kama kiwiko, na shamba liko upande wa nje wa kiwiko, maji yana kina mpaka ukingoni, mtumbwi unagusa shamba unapakia gunia hata maji yakiwa yamekupwa. Nikaona hii sasa ni kama kiwanja cha barabarani, mzigo hautembei. Nikatoa hela, nikapewa karatasi ina sahihi tatu na muhuri. Baadaye sana ndo nikajua mikoko yote nchi hii ni hifadhi ya misitu, kwa hiyo ile karatasi uzito wake ni kama wa karatasi ya kufungia maandazi, lakini hayo ndo mambo unayoyajua ukishalipa.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni nahodha wa zamani, kabebesha boriti miaka mingi enzi hizo. Nilienda kumwambia kwa furaha. Shikamoo mjomba, marahaba, nimepata shamba mjomba. Akaniuliza swali moja tu, "Maji yanapiga upande gani?" Nikamwambia upande wangu, ndo maana pana kina. Akanyamaza, akaendelea kushona wavu. Mi nikajua kafurahi kimya kimya, watu wazima wa kule si watu wa kupiga makofi.

Mwaka wa kwanza nikafyeka. Na hapa niseme ukweli, nilikata mikoko yote mpaka mstari wa mwisho wa maji, nilitaka shamba lipumue, mtumbwi upakie vizuri, na kile kivuli cha pembeni nilikuwa naona kinaninyima mita kumi za mpunga. Mjomba alituma mtoto aje aniambie niache ule mstari wa ukingoni. Nikamwambia yule mtoto, mwambie mjomba ntaacha, nikaukata wiki ile ile. Tukajenga dungu la kulindia ndege na ngedere, tukapanda, kaa wakala miche ya mwanzo tukarudishia, tukavuna. Nilivuna vizuri jamani. Mwaka wa pili nikavuna vizuri pia. Nilianza kuongea kwenye simu kwa sauti ya mtu mwenye mashamba.

Mwaka wa tatu baada ya masika nikakuta dungu limekuwa karibu na maji. Nikamuuliza kijana wangu mmelihamisha? Akasema dada dungu lipo pale pale. Nikaangalia ukingo umekatika wima kama mkate, mizizi inaning'inia, na chini maji yanazunguka rangi ya chai ya maziwa. Nikiwa nimesimama pale pale likadondoka pande la udongo kama meza, bwashuu, likaenda. Ile sauti siisahau. Kuanzia hapo ni hesabu ya kutoa tu, kila bamvua, yaani bahari ikijaa kupita kawaida, linaondoka kidogo, masika linaondoka kipande kizima, 2016 nilikuwa na ekari moja na kitu, 2018 nilibaki na migomba minne na choo.

Sasa kilichoniuma sio huko kwangu peke yake. Ng'ambo, upande wa ndani wa kile kiwiko, pale ambapo nilipokuja mwanzo palikuwa maji matupu, pametokea fungu. Mwanzo linaonekana maji yakipwa tu, baadaye likawa linabaki kichwa hata maji yakijaa, likaota vimche vya mchu na mlilana, hizo ni aina za mikoko, afu matete. Na watu wa upande ule wakaanza kuligawana! Nikakasirika nikaenda kwa wazee nikawaambia ule udongo ni wa kwangu, mi nimeulipia, umetoka kwangu umeenda kule, kila mtu ameona. Wazee walinisikiliza kwa adabu kabisa. Mmoja akaniuliza, "Mwanangu, na huu wa kwako ulitoka kwa nani?" Wengine wakaangua kicheko, kuna mzee alicheka mpaka kofia ikadondoka.

Hapo ndo nikaenda kukaa kwa mjomba, safari hii kusikiliza. Nilikaa karibu mwezi. Mjomba hajasoma zaidi ya darasa la nne, lakini vitu alivyonieleza nimekuja kuvikuta vile vile kwenye maelezo ya wasomi, ila yeye anavisema kwa lugha ya mtu aliyesukuma upondo, ule mti mrefu wa kuendeshea mtumbwi, miaka arobaini.

Alisema mto ni kuli. Umebeba mzigo toka mbali sana, Kilombero huko, Luwegu, Ruaha Mkuu, eneo lote mto unakokusanya maji ni kama kilomita za mraba 177,000, yaani moja ya tano ya Tanzania bara hivi. Sasa kuli akiwa kwenye mteremko anakimbia na mzigo wake. Akifika tambarare anapunguza mwendo, akikutana na bahari anasimama kabisa, na kuli akisimama anatua. Anaanza kutua kizito, mchanga, unakaa mdomoni pale pale unafanya fungu. Chepesi, lile tope laini, linaenda mbele kidogo. Ila sasa akishatua mzigo mdomoni amejiziba njia mwenyewe, maji yanatafuta pembeni, mkono mmoja unakuwa miwili, na ile miwili nayo inajiziba mbele ya safari inakuwa minne. Ndo maana delta ikionekana toka juu imekaa kama kiganja.

Nikamuuliza mbona tope halipotelei baharini moja kwa moja, bahari ni kubwa. Akachukua chupa mbili za maji za plastiki, moja akajaza maji ya mto ya juu yenye tope, nyingine akajaza maji yale yale lakini akamimina na ya bahari kidogo. Akaziweka dirishani tukaenda kula. Tunarudi ile yenye chumvi tope limeshuka chini, juu maji yanaelekea kuwa meupe, na ile ya mto bado imevurugika. Chumvi inafanya chembe za mfinyanzi zishikane, zinakuwa mabonge mazito zinazama. Kwa hiyo bahari ndo inamnyang'anya kuli mzigo. Nimeshawafanyia watoto wangu hiyo ya chupa mara nyingi mpaka wameichoka.

Afu kuna maji kujaa na kupwa, na kule bamvua likiwa kubwa maji yanapanda mita tatu na zaidi, sio mchezo. Maji yakijaa yanalirudisha tope ndani ya vijito, yakisimama ile nusu saa kabla ya kugeuka, tope linakaa. Na mikoko kazi yake ni hapo, ile mizizi inayashika maji yapunguze mwendo, tope likae lisinyanyuke tena. Mchu na mlilana wanakuja kwanza kwenye tope bichi, mkoko wenyewe na msinzi wanafuata ardhi ikishakuwa na nguvu kidogo, na ukiona msikundazi ujue hapo maji baridi yanafika. Mjomba alikuwa ananionyesha kwa kidole kama mtu anasoma gazeti. Sasa mimi ule mstari nilioukata ndo ulikuwa umeshikilia shamba langu. Kona ile ingekatwa tu hata nisingegusa kitu, kwa sababu mto ukipinda maji yenye kasi yanarushwa upande wa nje yanakula, upande wa ndani yamepoa yanaweka, hiyo ndo kazi ya kona zote za mito yote. Ila ningekaa miaka kumi na kitu labda, badala ya saba. Mita kumi za mpunga zilinila ekari tatu.

Kitu kingine nilichokuwa sijui, nilikuwa nafikiri huko kaskazini mwa delta mpunga ulikuwepo tangu enzi na enzi. Kumbe zamani maji mengi ya mto yalikuwa yanatokea upande wa kusini. Mwishoni mwa miaka ya sabini ndo yakahamia mikono ya kaskazini, wazee wanaunganisha na mafuriko makubwa ya kipindi kile. Mjomba anasema mto ukitua mzigo kwenye kitanda chake mwenyewe miaka mingi kitanda kinanyanyuka, mpaka unakuwa kama unapita juu ya tuta, siku mafuriko yanapokuja maji yanaona pembeni kuna njia fupi na ya chini, yanahama na hayarudi kuaga. Kusini kukabaki chumvi, mashamba yakachoka, kaskazini kukapata maji baridi na watu wakayafuata na mapanga, wakafyeka mikoko kulima mpunga. Mi nilikuja kwenye mkia wa huo msafara nikijiona mvumbuzi.

Tena kilimo chenyewe kule kote kinaishi kwa mto kutokutulia. Huko juu, Utete na Ikwiriri na bonde lote, watu wana kilimo cha mlau, yaani maji ya mafuriko yakishuka unapanda kwenye ule unyevu na rutuba mpya iliyoachwa, hununui mbolea. Mafuriko ya wastani ni baraka na makubwa ni msiba, na mto wenyewe ni huo huo mmoja. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu bondeni ikawapeleka kwenye vijiji vya juu, Operesheni Rufiji ikaitwa, lakini wengi waliendelea kushuka kwenda kulima kule kule chini, kwasababu udongo mzuri haukuhamishwa nao.

Sasa twende kwenye jambo ambalo kila mtu ananiuliza nikitaja Rufiji, bwawa. Huku nyuma kulikuwa na Kidatu toka miaka ya sabini katikati na Mtera mwanzoni mwa themanini, yote mawili yako kwenye Ruaha Mkuu. Yalikuwa yanashika tope la Ruaha, lakini Ruaha unaleta kama asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji, Kilombero ndo baba lao na asilimia kama 62, na huo haukuwa na bwawa kubwa la kuuzuia. Kwa hiyo delta iliendelea kula. Hili la Julius Nyerere ni habari nyingine kwa sababu ya mahali lilipo, liko chini ya makutano ya mito yote mitatu. Mitambo 9, megawati 2,115, walianza kulijaza maji Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, mi mwenyewe Mbagala nina friji la kuhifadhia kamba, siwezi kujifanya siutaki. Ila kila punje ya mchanga inayotoka Kilombero, Luwegu na Ruaha inakuta sasa kuna bwawa la zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 limesimama njiani, na maji yaliyosimama, tulishakubaliana, yanatua mzigo.

Mjomba nilipomweleza akaniuliza, "Kwa hiyo yanayotoka chini yatakuwa meupe?" Nikamwambia meupe zaidi ya zamani. Akasema maji meupe yana njaa. Kuli asiye na mzigo mikono yake iko huru, ataokota njiani, kwenye kitanda, kwenye kingo. Na ni kweli kabisa, Misri baada ya bwawa kuu la Aswan kukamilika 1970 ufukwe wa delta ya Nile pale Rosetta bahari imeula vibaya sana, kwa sababu mawimbi yanakula kama kawaida ila mto hauleti tena chakula. Zambezi nao, Kariba kwanza, 1974 wakaongeza Cahora Bassa, na wavuvi wa kamba wa pwani ya Msumbiji wakaona mavuno yanashuka, maana kamba mtoto anategemea maji baridi ya mafuriko yaje kwa msimu wake. Hilo la kamba ndo linaninyima usingizi mimi zaidi ya mpunga, hiyo ndo biashara yangu.

Aprili 2024 mafuriko yakaja Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba zikazama, watu wakagawanyika. Wa upande mmoja wanasema bwawa limefungulia maji, wa upande wa pili wanasema mvua za mwaka ule zilikuwa za El Niño na bila bwawa yangekuwa mabaya zaidi. Kwenye boti ya Nyamisati niliona watu wazima karibu wapigane kwa hilo. Mi nilichokuwa naangalia ni rangi ya maji na kingo. Na hapa siwezi kusema bwawa limefanya hivi au vile kwenye kona yangu, maana kona yangu ilishaliwa kabla hata mkataba wa bwawa haujasainiwa, mto na panga langu vilitosha. Delta haijibu kwa miaka miwili. Mchanga ambao tayari uko chini ya bwawa utaendelea kushuka kwanza, na mikoko nayo bado iko kazini pale ambapo haijakatwa.

Kuna tabia nimezipata kule mpaka mume wangu ananishangaa. Nikifika mtoni naonja maji. Kule wote wanaonja kabla ya kupanda, maana chumvi ni nzito inapita chini na maji baridi yanapita juu, unaweza ukachota juu ukafurahi kumbe mizizi inakunywa bahari, kwa hiyo mjomba alinifundisha kuzamisha chupa na kidole kwenye mdomo wake, naachia chini, ndo naonja hayo. Na mtu akiniambia ana kiwanja mahali popote karibu na maji, hata kama ni Msasani, naanza na swali la mjomba, maji yanapiga upande gani, watu wanaona nimechanganyikiwa.

Mwaka huu nimerudi kwenye mpunga kidogo. Sijanunua. Nimekodi ekari moja, na utani wa Mungu ni kwamba iko kwenye lile fungu la ng'ambo, sasa hivi lina matete marefu na lina jina kabisa, wameliita Dar Mpya, wanasema ni kwa heshima yangu. Mkokoni hatujagusa hata tawi, nimelima pale ambapo matete yalishafyekwa na wenyewe. Mjomba macho yameanza kufifia lakini alikuja, akashuka kwenye mtumbwi, akachoma upondo ukingoni sehemu tatu, akausikiliza jinsi unavyoingia, akaenda upande wa juu wa kona akaangalia maji muda mrefu bila kusema kitu. Akarudi akasema misimu mitatu, minne ukiwa na bahati.

Mwenye shamba alitaka nilipie mitano kwa mkupuo. Nimelipa miwili.